Picha ya Nkambo Akiwa Amelala

"Uyu mama, balimuuliza?"

Nkambo wangu, mama mzaa mama, alikuwa ameweka kidole juu ya ukurasa wa kitabu changu, kidole chenye unga kwenye kucha, nami sikuwa na jibu. Siku zile nilikuwa na jibu la kila kitu. Nilikuwa nimerudi Kamina kutoka chuo kikuu, Lubumbashi, nikiwa nimeandika kurasa tisini juu ya uzee na ubaya wa sura katika sanamu za kale za Wagiriki na Warumi, na mtu yeyote aliyekaa karibu nami zaidi ya dakika tano alisomewa sura ya kwanza bila kuomba. Swali la Nkambo halikuwamo katika kurasa tisini.

Picha aliyoigusa ilikuwa ya sanamu ya marumaru: mwanamke mzee ameketi chini, amekumbatia mtungi wa divai kama anayembembeleza mtoto, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, shingo ni kamba tupu, nguo imeteleza begani. Amelewa kabisa. Mimi niliipenda kuliko picha zote za kitabu.

"Walimuuliza nini, Nkambo?"

"Kama anaitika bamutengeneze vile. Kinywa wazi, bega iko inje, na bantu bote banamuangalia. Balimuuliza?"

"Ni sanaa, Nkambo. Ni ukweli."

"Nimesikia iko kweli. Minauliza kama balimuuliza."

Nilifunga kitabu nikamwambia kwamba mambo haya ni marefu. Ndivyo wanavyosema waliosoma wanapokuwa hawana la kusema.

Niseme pia kwamba sikuwahi kuiona sanamu hata moja ya hizo nilizoziandikia. Marumaru pekee niliyoigusa maishani ilikuwa ya kaburi la padri mmoja nyuma ya kanisa letu, nalo lilikuwa limepasuka. Mwalimu aliyesimamia kazi yangu alishangaa tangu siku ya kwanza. "Wewe unatoka Haut-Lomami," aliniambia. "Kule Katoto, karibu na Bukama, watu wamechimba wakakuta makaburi ya zamani na vyungu vyake. Kwa nini unakwenda kutafuta bibi vizee wa Roma?" Nilimjibu kwamba vyungu havina mikunjo. Niliona nimesema neno kubwa, na kwa wiki nzima nilijirudia mwenyewe jibu hilo njiani.

Lakini kupenda nilipenda kweli. Nilipenda vichwa vile vya wazee wa Roma, na vipara vyao, chunjua puani, mashavu yaliyoshuka, midomo iliyokosa meno ya kuishikilia. Niliwaza: mtu mwenye mali na cheo anamwita mchongaji nyumbani kwake na kumwambia, usisahau chunjua. Sisi wakubwa wetu wana miaka sabini, na ukifika wakati wa kura wanatuangalia kutoka kwenye mabango wakiwa na nyuso za watoto wa komunyo ya kwanza. Mmoja alipita Kamina kwenye gari, akipunga mkono chini ya bango lake mwenyewe, na watu wakauliza kama mgombea amemtuma baba yake.

Mjini kwetu kazi hiyo ya kuondoa uzee ilikuwa ya mama mmoja mwenye studio ya picha karibu na stesheni. Alikuwa mke wa askari, mtu wa mkoa wa Équateur, aliyefika na mume wake kwenye Base, kambi ya jeshi nje ya mji, na kujifunza Swahili yetu kwa kuuza samaki kabla hajajifunza kompyuta. Katika kompyuta hiyo alikuwa na miili minne. Mwili wa mwanaume mwenye koti la buluu, mwili wa mwanaume mwenye koti jeusi kwa ajili ya walimu na makatekista, mwili wa mama mwenye lesi ya rangi ya dhahabu, na mwili wa mama mwenye kitambaa cha chama cha mama Wakatoliki. Mtu alipokufa, jamaa walimletea kichwa. Yaani picha ya kadi ya kura, au ya harusi ya mtoto ambapo marehemu alikuwa amesimama pembeni akitafuna. Yeye alikikata kichwa, akakipangusa mikunjo, akakipa weupe kidogo, akakiweka juu ya mmoja wa miili minne. Kisha likatoka bango kubwa la kutundika mbele ya nyumba ya matanga, ili wanaokuja kulia wajue wamefika. Wafu wote wa Kamina walivaa koti moja, na wote walikufa wakiwa na miaka thelathini.

Nilipomwambia kwamba anadanganya, hakukasirika. "Ndeko," alisema, yaani ndugu kwa lugha ya kwao, "foto iko zawadi. Weye unapelekea muntu zawadi yenye vumbi?"

Kabla ya habari ya Nkambo, kuna habari ya jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake. Alifariki wiki moja na mzee mwingine wa upande wa juu wa barabara ileile. Matanga mawili, mabango mawili, koti moja la buluu. Wakwe wa jirani yetu walitoka Kabongo wakiwa wamejaa kwenye kamyo. Hawakuwa wamemwona kwa miaka mingi. Waliingia barabarani, wakakutana na bango la kwanza, wakaruka chini wakianza kulia. Wanawake walijitupa mavumbini. Mzee mmoja alilishika bango kwa mikono miwili na kuliuliza kwa nini limemwacha.

Na kwetu mtu anayelia hakatizwi na kuulizwa anamlilia nani. Wenye msiba waliona heshima imewafikia. Waliwaletea viti, maji, kisha bukari, ugali wetu, na kuku. Karibu na saa tisa ndipo mkwe mmoja aliposimama kutoa ushuhuda, akaeleza jinsi marehemu alivyoiokoa treni isianguke karibu na Bukama. Mjane akainua kichwa. "Bwana yangu?" aliuliza. "Bwana yangu alikuwa anaogopa treni. Lubumbashi alikuwa anaenda na kinga, na baiskeli yake ile." Wageni waliangaliana, wakafuta midomo, wakaomba ruhusa, wakashuka barabara na kuanza kulia upya, lakini nguvu hazikuwa zilezile.

Mtaa ulicheka mwezi mzima. Nkambo hakucheka.

"Minyi nikikufa," aliniambia, "bandugu yangu ba Kabongo batalia kwa nani?"

Aliniuliza hivyo akichochea moto. Nkambo alikuwa mama wa mikate ya mafuta kwenye lango la shule ya msingi. Kwa miaka thelathini aliamka kabla ya jogoo, akakanda unga, akakaanga juu ya kuni, na saa moja kamili alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na beseni lililofunikwa kitambaa. Nusu ya watu wazima wa mtaa walijifunza kuhesabu kwa mikate yake. Moshi ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu, jambo ambalo nyumbani hatukulitazama tena, kama vile hutazami ukuta wako.

Nilimwambia asiogope, mimi nitamtengenezea picha ya kweli, ambayo hata kipofu wa Kabongo ataitambua.

Aliniambia siku ya Jumapili atavaa vizuri, nimpige picha baada ya misa, akiwa ameketi.

Sikungoja Jumapili. Ijumaa mchana nilimkuta amelala kwenye kiti chini ya ukingo wa paa, ametoka shuleni, beseni tupu miguuni. Kichwa kilikuwa kimeanguka nyuma. Mdomo wazi, meno matatu. Kamba za shingo. Kitambaa kilikuwa kimeteleza begani. Macho yake, kama ya wazee wengi wanapolala, hayakuwa yamefungika. Yalibaki nusu wazi, mekundu, yakiangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Badala ya mtungi alikuwa amekumbatia kopo la mafuta. Nilikuwa nimesafiri hadi Roma bila kutoka uani kwetu. Nilimpiga picha sita, nikachagua moja, nikaituma kwenye grupu ya jamaa, na chini yake nikaandika: Uzuri wa ukweli.

Kuna picha za aina moja ambazo jamaa wa Congo huzipokea kwenye simu bila onyo, mdomo wazi na macho nusu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Sauti ya kwanza iliyofika ilikuwa ya dada mdogo wa mama yangu, kutoka Lubumbashi.

"Mama alikufa? Mama alikufa na munaniambia mu grupu? Na nani mujinga ule anaandika uzuri?"

Kabla sijajibu, mjomba mmoja alikuwa ameshaweka mshumaa mahali pa picha yake. Binamu wa Malemba-Nkulu aliandika kwamba amekwisha kutoka, barabara ni mbaya, wamngoje kwa maziko. Mama yangu alilazimika kumwamsha Nkambo na kumpa simu ili aseme kwa mdomo wake kwamba hajafa. Nkambo aliishika simu mbali na sikio, kama anavyofanya daima.

"Minyi iko," alisema. "Nilikuwa nalala. Ni nani alikufa?"

Walipomwelewesha, aliomba kuona picha. Aliiangalia kwa muda mrefu, akiisogeza na kuirudisha. Kisha akanirudishia simu, akasema neno moja tu: "Haukuniuliza." Akaenda kuchagua mawe kwenye mchele.

Nilimweleza mama yangu kwamba jamaa hawana elimu ya kutazama. Mama aliniambia nizifute picha zote sita mbele yake, na niende kuchota maji. Nilifuta. Nilichota. Nilidhani mambo yameisha, kwa sababu nilikuwa nimesoma mambo ya kale tu, na katika mambo ya kale sanamu ikishawekwa mahali haitembei.

Jumatatu picha ilirudi kutoka kwenye Base. Mtu wa grupu alikuwa amempelekea rafiki, rafiki akampelekea mke wa askari mmoja, si yule wa studio, na huko kwenye Base wanaishi watu wa pembe zote za nchi, kila mmoja na habari za kwao za walozi, wachawi wanaoruka usiku kwa ndege zisizoonekana. Sasa chini ya picha paliandikwa: Mulozi wa Kamina ameanguka asubuhi, ndege yake ilikosa mafuta. Kopo la mafuta lilikuwa pale mkononi, ushahidi kamili. Na macho yale mekundu nusu wazi hayakuhitaji maandishi. Kwetu bibi mwenye macho mekundu ana kesi tayari, anangoja tu mtu wa kuifungua.

Asubuhi ya Jumanne Nkambo alikaa kwenye lango la shule kama kawaida. Watoto walipita upande wa pili wa barabara. Mmoja alijaribu kusogea na sarafu mkononi, dada yake akamvuta kwa mkoba. Saa nne Nkambo alifunika beseni, akalitia kichwani, akarudi nyumbani. Lilikuwa limejaa. Tulikula mikate ya mafuta mchana na jioni. Jumatano ikawa vile vile, na Alhamisi nilikuwa siwezi tena kuinusa.

Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lilikuwa baya. Kwenye bomba la maji wanawake walimpisha apite mbele, kwa adabu ambayo hawakuwa nayo wiki iliyopita. Mhubiri wa kanisa moja la uamsho, ambaye kila asubuhi kwa mwaka mzima alikuwa amekula mikate ya Nkambo kabla ya kufunga na kusali, alifika uani na chupa ya mafuta matakatifu, akasema amekuja kumsaidia mama kutubu.

"Nitubu nini?" Nkambo alimuuliza.

"Unajua mwenyewe, mama."

"Najua mengi. Sema weye ya kwako, nichague."

Mhubiri alisema mafuta yale yanatosha kumfungua mtu mmoja. Nkambo alimuomba chupa, akainusa, akamrudishia. "Yangu ya kukaangia iko muzuri kuliko hii," alisema. Lakini mhubiri alipoondoka, nilimwona akikaa na mikono imelala mapajani, mikono ambayo sikuwahi kuiona bila kazi. Watu wanaoitwa hivyo hufukuzwa, na wengine hupatwa na mabaya zaidi ya kufukuzwa. Tulijua wote.

Shangazi, ndivyo ninavyomwita yule mdogo wa mama wa Lubumbashi kwa sababu ya ukali wake, alikuwa na dawa. Alituma sauti ya dakika nane. Mwisho wake ulikuwa: mpelekeni mama studio, mumutengeneze foto ya muzuri, muitupe kila mahali, bantu baone mama iko muntu ya namna gani. Nilipinga. Nilisema uongo hautafutwa na uongo. Mama yangu aliniuliza kama bado nina maneno, au niliyatumia yote chini ya picha.

Mama wa studio alifanya kazi kwa moyo. Nkambo alitoka akiwa na lesi ya dhahabu, shingo ya msichana, meno thelathini na mawili, na nyuma yake maporomoko ya maji ambayo hayako Katanga. Hata mimi nilimtamani. Picha ilitumwa kwa kila simu tuliyoijua.

Ilirudi kesho yake, ikiwa imebandikwa kando ya ile ya kwanza. Chini paliandikwa: Muchana anageuka kijana. Muwe macho.

Nilicheka, naomba msamaha, nilicheka peke yangu chooni. Uongo ulikuwa umekuja kuwa shahidi wa ukweli, na ukweli ulikuwa umekuja kuwa shahidi wa uongo, na kati yao bibi yangu alikuwa na beseni zima la mikate iliyopoa. Niliporudi, Nkambo alikuwa kwenye kiti chake. Kitabu changu kilikuwa mapajani mwake, kimefunguliwa pale pa mwanamke wa divai.

"Kwetu Kabongo," alisema bila kuinua macho, "nikiwa mutoto niliona kiti ya mukubwa. Iko mwanamuke chini yake, anakibeba na mikono. Wa muti. Uso laini kama yai."

"Ndiyo," nilisema, maana hayo niliyasoma. "Wachongaji wetu hawakuonyesha uzee. Hawakutaka ukweli wa sura."

"Muchongaji hakukuwa kipofu. Alikuwa na mama yake ku nyumba, alimuona kila siku. Alikuwa na adabu tu." Akageuza ukurasa, akakuta mzee mmoja wa Roma mwenye chunjua. "Na uyu, yeye mwenyewe njo aliomba?"

"Wanasema hivyo. Alilipa mwenyewe, alitaka aonekane alivyo."

"Kumbe." Alimtazama yule mzee kama anayetazama mnunuzi mpya. "Basi uyu balimuuliza."

Kesho yake, Jumamosi, alivaa kitambaa cha mama Wakatoliki, akaita kijana wa kinga, akapanda nyuma, akanikataza nisimfuate. Alipitia kwa katekista, ambaye simu yake, kama simu zote za Kamina, ilikuwa na picha ya mulozi, akaiazima simu hiyo. Kisha akaenda studio. Alikaa huko hadi mchana. Alirudi na kitu kipana kilichofungwa kwa kitenge, akakiegemeza ukutani, akaketi.

"Sasa niulize," aliniambia.

"Nikuulize nini?"

"Weye unajua."

"Nkambo," nilisema, "unakubali picha yako ionekane na watu?"

"Nitafikiri," alisema, na akala kwanza. Alikula taratibu, akanawa, akajipangusa kila kidole. "Naitika. Fungua."

Ilikuwa ile ile, akiwa amelala, imechapwa kubwa kama dirisha, katika fremu ya mbao. Mdomo wazi, meno matatu, kamba za shingo, bega nje, kopo la mafuta.

Jumatatu saa moja tulikuwa langoni pa shule. Fremu ilisimama juu ya kiti, na kando yake kwenye kigoda alikaa Nkambo, na beseni. Mimi nilitakiwa kusimama. "Weye njo ulisoma," alisema. "Bantu bakija, eleza."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu: mwongoza wageni katika jumba la makumbusho lenye kitu kimoja, na kitu chenyewe kimekaa pembeni kinasikiliza.

Mwanzoni walisimama mbali. Kisha mama mmoja muuza makala, makaa ya kupikia, mwenye mdomo ambao hauogopi walozi wala polisi, akavuka barabara. Aliangalia picha, akamwangalia Nkambo, akarudi kwenye picha.

"Mama, njo weye uyu?"

"Uliza mwalimu," Nkambo alisema, akininyoshea kidole.

Nilieleza. Nilisema huyu ni bibi yangu, alikuwa amelala, kopo lilikuwa la kukaangia mikate, mimi ndiye niliyempiga picha na sikumuuliza.

"Weye? Na masomo yote ile?"

"Ndiyo."

"Ulisoma kuiba bazee banalala?"

"Miaka mitano," Nkambo alisema kutoka kwenye kigoda.

Mama wa makala alicheka mpaka akashika gunia lake. Akawaita wengine. Walikuja wawili, wakaja watano. Nkambo aliwaambia walinganishe, na walilinganisha, wakihesabu meno kwenye picha na mdomoni mwake, naye akifungua mdomo kama kwa daktari. Mtu akauliza ndege iko wapi. "Iko kwa fundi," Nkambo alijibu. Mtoto wa darasa la pili alisogea polepole, akatazama picha kwa makini sana, akamkumbuka baba yake, akasema: "Tata yangu analala vile pia." Akanyosha sarafu yake.

Siku ile beseni lilirudi tupu. Nadhani mulozi hawezi kuishi mahali anapochekwa kwa jina lake, akilala na mdomo wazi, hadharani, kila asubuhi, na mjukuu anayeungama kando yake. Picha iliendelea kuzunguka kwenye simu kwa muda, lakini kila ilipofika Kamina mtu alisema, aa, uyu ni mama wa mikate, nenda umuone ku shule.

Na mimi nilieleza. Wiki ya kwanza nilikuwa naona haya, wiki ya pili nilizoea, wiki ya tatu nikaanza kupenda. Nilitoka kwenye makosa yangu nikaingia kwenye hoja yangu. Niliwaeleza walimu, niliwaeleza wazazi, nilimweleza padri wa parokia aliyekuja kununua mikate miwili tu, kwamba tazameni, huu ndio ukweli uliotushindia, picha hii haikuguswa hata kidogo, wala haikupita kwenye lesi na maporomoko. Wazee wa Roma walijua. Nilisema tuangalie macho hasa, jinsi yalivyo nusu wazi, yenye amani, bila uovu wowote. Ni nani angeweza kumwita mulozi mtu mwenye macho kama haya? Watu waliinama, wakaangalia macho, wakakubali. Nkambo aliendelea kufunga mikate kwenye karatasi. Nilidhani anajivunia.

Alifariki miaka miwili baadaye, wakati wa kiangazi, kwa homa ya siku tatu. Shangazi alikuja na lesi ya dhahabu kwenye simu yake na akataka ichapwe. Mama yangu hakubishana naye. Alitoa tu fremu chumbani, akaitundika mbele ya nyumba. Ndugu wa Kabongo walifika na kamyo jioni ya pili. Barabarani kulikuwa na matanga mengine, na bango lenye koti la buluu. Walilipita bila kugeuka. Kaka yake Nkambo, mzee asiyeona vizuri, alisimama mbele ya ile picha, akaigusa mdomo, akasema, "Njo yeye, analala," na hapo ndipo alipoanza kulia, mahali penyewe.

Sasa nafundisha historia sekondari, na fremu iko chumbani kwangu. Mwaka huu mume wa mama wa studio alihamishwa, naye akawa anafunga vitu vyake. Aliniita nije na kifaa cha kuhifadhia, anipe picha za jamaa yetu kabla hajauza kompyuta. Alizifungua moja moja. Alipofika kwa Nkambo ukiacha ile ya lesi kulikuwa na mbili, zinazofanana, na nilimuuliza kwa nini mbili.

"Hii yenye ilitoka ku telefone," alisema. "Na hii njo nilitengeneza."

Nilizitazama moja kando ya nyingine. Mikunjo ilikuwa ileile, yote. Shingo, meno, bega. Ila katika ya kwanza macho yalikuwa mekundu kama makaa, macho ya kumfanya mtoto avuke barabara, na katika ya pili, ile niliyoielezea watu miaka miwili, yalikuwa meupe.

Alisema Nkambo alikaa kando yake asubuhi nzima ya Jumamosi ile, akiongoza kazi kwa kidole. Mikunjo uache, alimwambia, iko yangu, niliitafuta mwenyewe. Wekundu utoshe, uupanguse wote, iko ya moshi. Na alimkataza asiniambie kamwe, kwa sababu nikijua nitaeleza vibaya.